Mwongozo wa kufika ufukwe wa Cofete, Fuerteventura, na kurudi salama

Kila mwaka baridi inapoanza kuuma Ulaya, ndugu na marafiki wanaoishi Ujerumani, Uholanzi na Uingereza huniuliza maswali yale yale kuhusu Cofete: gari dogo la kukodi litafika? Kuna basi? Watoto wataogelea? Nimeyajibu kwa simu mara nyingi, na zaidi ya mara moja nimejibu kwa haraka nikasahau jambo lililokuwa muhimu kuliko yote. Kwa hiyo nimeona niyapange hapa kwa utaratibu, ili anayekwenda kwa mara ya kwanza awe na kitu cha kushika.

Cofete iko kwenye rasi ya Jandía, kusini kabisa mwa kisiwa cha Fuerteventura. Kisiwa hicho ni kimojawapo cha Visiwa vya Kanari, ambavyo ni sehemu ya Hispania ingawa kutoka Fuerteventura hadi bara la Afrika ni kama kilomita 100 tu. Ufukwe wenyewe una urefu wa kilomita zipatazo 12, mchanga wake ni wa rangi ya asali, hauna hoteli hata moja, na nyuma yake imesimama safu ya milima inayofikia mita 807 kwenye Pico de la Zarza, kilele kirefu kuliko vyote kisiwani. Rasi hiyo imekuwa hifadhi ya asili tangu 1987, na ndiyo sababu hujakuta matangazo ya vyumba vya kulala kando ya maji.

Kabla ya hatua yoyote, shika jambo moja: safari ya Cofete hupangwa kuanzia kurudi. Kufika si kazi kubwa. Wanaopata taabu ni wale waliofika bila kujua wataondoka saa ngapi, kwa chombo gani, na kwa njia ipi, mahali ambapo hakuna kituo cha mafuta, hakuna duka la kukimbilia, na netiweki ya simu hupotea.

Mahitaji kabla ya kuondoka

- Ruhusa ya kuingia eneo la Schengen. Mwenye kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen asafiri na pasi na kibali chake. Anayeishi Uingereza kwa pasi ya Tanzania, Kenya au Uganda atahitaji viza ya Schengen, kwa kuwa kibali cha Uingereza hakimpitishi.
- Maji ya kunywa, lita mbili hadi tatu kwa kila mtu, hata kama siku inaonekana ya baridi.
- Chakula cha mchana na euro taslimu kidogo.
- Jaketi jepesi la kuzuia upepo, kofia yenye kamba ya kufunga kidevuni, miwani na mafuta ya kuzuia jua. Upepo huificha joto la jua, na wengi hugundua usiku kwamba wameungua.
- Viatu vya kufunga kamba. Ndala ziwe za akiba.
- Ramani iliyopakuliwa kwenye simu mapema, ili isomeke bila intaneti.
- Jedwali la maji kujaa na kupwa la siku hiyo.
- Mfuko wa kurudishia taka zako zote.

Mwavuli wa ufukweni uache hotelini. Upepo wa Cofete utaung'oa, na mwavuli unaoruka ni hatari kwa aliyeketi mbele yako.

Hatua ya 1: Chagua msimu na siku

Mtu wa pwani yetu ataielewa Cofete upesi akifikiri kama nahodha. Pepo kuu za Visiwa vya Kanari huvuma kutoka kaskazini-mashariki, kama kaskazi yetu, isipokuwa zenyewe hushika nguvu zaidi miezi ya Juni hadi Agosti. Rasi ya Jandía imelala katikati ya njia yao, kwa hiyo ina upande wa joshini, yaani unaopigwa na upepo, na upande wa demani, yaani uliokingwa, na wenyeji wenyewe wameziita pwani hizo mbili Barlovento na Sotavento kwa maana hiyo hiyo. Hoteli zote zimejengwa demani, kwenye maji yaliyotulia. Cofete iko joshini.

Ukiweza kuchagua, nenda Aprili, Mei, Septemba au Oktoba. Majira ya baridi hali ya hewa huwa nzuri kwa kutembea, lakini ndipo mawimbi makubwa ya Atlantiki hufika kutoka mbali, wakati mwingine siku ambayo anga ni buluu na hakuna upepo kabisa. Angalia pia kama kuna tahadhari ya kalima, yaani upepo wa moto unaoleta vumbi la Sahara. Siku ya kalima mlima hauonekani na koo hukauka, ahirisha.

Hatua ya 2: Soma jedwali la maji

Maji yakijaa, hasa siku za bamvua, yaani za mwezi mpya na mwezi mpevu, sehemu kadhaa za ufukwe hubaki ukanda mwembamba tu wa mchanga, na mawimbi hufika pale ulipoweka mkoba. Panga matembezi yako yaangukie saa ambazo maji yanakupwa. Saa za huko ni saa moja nyuma ya Ujerumani na ni sawa na za Uingereza. Usije ukasoma jedwali kwa saa ya simu ambayo haijajibadilisha.

Hatua ya 3: Lala Morro Jable

Uwanja wa ndege uko karibu na Puerto del Rosario, makao makuu ya kisiwa, na kutoka hapo hadi mji wa Morro Jable ni kilomita 85 hivi za lami nzuri. Basi namba 10 hupita uwanja wa ndege kuelekea huko. Wenyeji wa Kanari huliita basi guagua, neno ambalo ukilitamka vizuri utasaidiwa haraka kuliko ukitumia neno la Hispania bara. Nashauri ulale Morro Jable walau usiku mmoja kabla, kwa kuwa anayetoka kaskazini ya kisiwa asubuhi hufika amechoka, amechelewa, na ana haraka, na haraka ndiyo inayoharibu mambo kwenye barabara inayofuata.

Hatua ya 4: Amua utakwenda kwa chombo gani

Njia ni tatu.

*Basi.* Kwa anayekwenda mara ya kwanza, hili ndilo chaguo langu bila kusita. Basi namba 111 huondoka kituo cha mabasi cha Morro Jable. Ni gari la 4x4 lenye magurudumu marefu kama ya lori, na dereva wake anaijua kila kona. Safari zake kwa siku ni chache sana na ratiba hubadilika, kwa hiyo nenda kituoni siku moja kabla ukaisome, kisha piga picha ubao wa ratiba ukiwemo upande wa kurudi. Siku yenyewe uwahi nusu saa, kwani viti vikijaa vimejaa. Kosa la kawaida ni kupanda basi la mwisho la kwenda kwa kudhani kwamba litafuatwa na jingine la jioni. Utajikuta una muda mfupi wa kushuka ufukweni na kupanda tena mbio.

*Gari la kukodi.* Kilomita takriban 20 kutoka Morro Jable hadi Cofete ni za vumbi na changarawe. Gari dogo hufika, nimeyaona mengi, lakini swali la kuuliza ni nani atalipa likiharibika. Mikataba mingi ya kukodi magari kisiwani haigusi kabisa barabara zisizo na lami: tafuta maneno *sin asfaltar*, yaani pasipo lami, na ukiyaona karibu na neno linalokataza, ujue kwamba bima yako inaishia pale lami inapoishia, hata kama uliilipia kwa jina la bima kamili. Mimi sikuyatafuta mara ya kwanza. Jiwe lenye ncha lilichana ubavu wa tairi la nyuma, na nilipofungua buti sikukuta tairi la akiba, nilikuta chupa ya gundi ya kuziba matundu na pampu ndogo ya umeme. Gundi ile huziba tundu la msumari kwenye uso wa tairi. Ubavu uliochanika hauzibiki kwayo. Nilimimina chupa nzima ikatoka povu jeupe upande wa pili, likadondoka vumbini. Gari lilivutwa kwa fedha zangu. Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi fungua buti mwenyewe, uone tairi la akiba, jeki na spana ya magurudumu kwa macho yako.

*Miguu.* Nje kidogo ya Morro Jable huanzia njia ya Gran Valle, inayopanda bonde hadi kwenye pengo la milima lililo zaidi ya mita 300 juu ya bahari, kisha ikashuka hadi kijiji cha Cofete. Ni mwendo wa saa mbili hadi tatu kwa upande mmoja, bila kivuli. Bondeni utaona mmea wa jamii ya mnyaa, wenye miiba na mashina mengi yaliyosimama pamoja kama mishumaa. Unaitwa *cardón de Jandía* na hauoti porini popote pengine duniani isipokuwa rasi hii. Usiukate wala usiuguse, kwa kuwa utomvu wake ni sumu. Wapo wanaokwenda kwa miguu na kurudi kwa basi, na ni mpango mzuri ikiwa unajua saa ya basi na bado una nguvu za kurudi kwa miguu likijaa.

Hatua ya 5: Kuendesha barabara ya vumbi

Waliochagua basi waruke hatua hii. Kwa dereva, mambo ni haya: jaza mafuta Morro Jable, nenda polepole, ukiweka akilini kwamba kilomita 20 zitachukua karibu saa nzima, na usilifuate kwa karibu gari lililo mbele, kwani vumbi lake litakufumba macho na mawe yake yatafika kwenye kioo chako.

Barabara hugawanyika mara moja: moja huendelea kuelekea ncha ya rasi na mnara wa taa, nyingine hupanda kulia kuvuka mlima kuelekea Cofete. Baada ya kuvuka, njia inakuwa nyembamba, upande mmoja ukuta wa mlima na upande wa pili bonde bila kizuizi. Kwenye mteremko anayepanda hupewa njia, lakini aliye karibu na sehemu pana ya kupishana ndiye anayepaswa kuwa muungwana. Ukikutana na lile basi, usibishane nalo. Rudi nyuma taratibu hadi penye nafasi. Na abiria wako asiyependa urefu mweke kiti cha upande wa mlima kabla hamjaondoka, si pale juu.

Hatua ya 6: Simama juu ya mlima

Penye kilele cha barabara kuna sehemu ya kutazamia, Degollada de Agua Oveja. Ufukwe wote uko chini yako, mstari mmoja mweupe wa povu ukienda hadi macho yanapokoma. Shika mlango wa gari kwa mikono miwili unapoufungua, kwani upepo wa hapo umepinda bawaba za milango ya watu wengi. Tazama pia hali ya bahari: ikiwa mistari ya mawimbi meupe ni mitatu, minne, ikifuatana kutoka mbali, umekwisha kupata jibu la swali la kuogelea.

Hatua ya 7: Ukifika kijijini

Cofete ni nyumba chache za mawe na mabati, na mkahawa mmoja unaojulikana kwa nyama ya mbuzi. Mkahawa ukifunguliwa, kula hapo na tumia choo chao kama mteja. Usipange siku yako ukiutegemea, maana ukifungwa hakuna mwingine.

Karibu na maegesho ya ufukweni kuna makaburi ya zamani ya watu wa kijiji, yakiwa ndani ya mchanga, misalaba michache ikiwa imeinama. Wapo wanaopiga picha wakiwa wamekaa juu ya ukuta wake. Waliolala pale ni wachunga mbuzi na jamaa zao, ambao walizikwa na watu waliobeba jeneza kwa miguu. Pita kwa adabu unayoijua.

Juu mlimani utaona jumba kubwa lenye mnara. Hilo ni Villa Winter, lililojengwa na mhandisi Mjerumani Gustav Winter katika karne iliyopita. Utasimuliwa habari za manowari na vita. Ni uvumi ambao haujathibitishwa. Kutoka kijijini ni mwendo wa dakika kama ishirini, na ukiwa na muda mchache, nakushauri muda huo uupe ufukwe.

Hatua ya 8: Tembea ukianza na upepo usoni

Watu karibu wote hufanya kinyume. Wakifika kwenye mchanga hugeukia kule ambako upepo unawasukuma mgongoni, wakatembea saa nzima wakifurahia wepesi wa miguu, kisha wakageuka na kukuta kwamba mchanga unawapiga usoni kama sindano na mwendo wa saa moja umekuwa wa saa mbili. Wewe anza kaskazini-mashariki, upepo ukiwa usoni ukingali na nguvu, uelekee El Islote, mwamba uliounganishwa na ufukwe kwa ulimi wa mchanga. Ukichoka popote, geuka, na upepo utakurudisha. Usivuke kwenda kwenye mwamba wenyewe maji yanapojaa.

Ukiona uzio mdogo au vijiti vilivyochomekwa mchangani, zunguka mbali. Katika miaka ya 2000 mayai ya kasa duvi yaliletwa kutoka Cabo Verde na kufukiwa kwenye mchanga huu, kwa matumaini kwamba kasa wanaoanguliwa hapa watarudi kutaga wakikomaa. Aliyekulia Mafia, Watamu au Kizimkazi hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Kuendesha gari mchangani, kupiga hema bila kibali na kuchukua mchanga au mawe kama kumbukumbu kumekatazwa. Na wale kindi wadogo wanaokuja hadi miguuni wakiomba, usiwalishe. Waliletwa kutoka Moroko mwaka 1965, wameenea kisiwa kizima, na wanadhuru mimea na wanyama wa asili.

Hatua ya 9: Bahari itazame, usiiingie

Hapa ndipo ninapoomba usome polepole. Watu wamekufa Cofete, wakiwemo waogeleaji hodari. Sisi tuliokulia pwani yenye miamba ya matumbawe tumezoea bahari ambayo wimbi lake huvunjika mbali huko nje, likafika kwetu limechoka. Cofete haina mwamba wa kulizuia. Wimbi linakuja kutoka Atlantiki yote na kuvunjika kwenye mchanga, na maji yaliyorundikana ufukweni hutafuta mahali pa kurudia baharini, yakafanya mkondo mwembamba wenye nguvu kuliko mkono wa mtu yeyote.

Nilikwenda huko na rafiki yangu wa Pemba ambaye anaogelea tangu hajaanza shule, naye hakuniamini. Tukasimama mahali ambapo maji yalionekana yametulia kuliko kwingine, pasipo povu, naye akasema hapo ndipo pa kuingilia. Nikaokota kijiti kikavu nikakitupa. Kilikaa kidogo, kikazunguka mara moja, kisha kikaondoka kuelekea nje kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka, tukakipoteza machoni kabla hatujahesabu hamsini. Mahali palipotulia ndipo mkondo ulipokuwa unatoka, na ndipo macho ya mgeni humdanganya.

Kwa hiyo ukomo wako uwe vifundoni, maji yakiwa yanapwa, uso ukiwa umeelekea baharini. Mtoto ashikwe mkono muda wote, hata akiwa mchangani karibu na maji. Maji yenyewe ni ya baridi kwa mtu wetu, nyuzi 18 hadi 23 kwa mwaka mzima. Mwenye hamu ya kuogelea akaogelee Playa del Matorral pale pale Morro Jable, au upande wa Sotavento, ambako rasi inazuia mawimbi makubwa na bahari ni ya kucheza na watoto.

Hatua ya 10: Ondoka kabla ya wakati

Panga kuanza kurudi saa mbili kabla ya jua kuzama. Desemba jua huzama baada kidogo ya saa kumi na mbili jioni, na Juni karibu saa tatu usiku. Barabara ile haina taa, na jua la jioni hukuingia machoni kwenye kona.

Mambo yakienda kombo

*Gari limezama mchangani.* Acha kukanyaga mafuta mara moja, kwani kila mzunguko wa tairi unachimba shimo. Fukua mchanga mbele ya magurudumu kwa mikono, tandika mazulia ya gari chini yake, punguza upepo wa matairi, kisha utoke kwa gia ndogo bila kuishtua.

*Umekosa basi la mwisho.* Nenda kwenye mkahawa au maegesho ukaombe nafasi kwa wanaorudi na magari yao; kabla ya jioni karibu wote wanarudi Morro Jable. Usianze kuvuka mlima kwa miguu jua likiwa limeinama.

*Mtu amechukuliwa na maji.* Usimfuate, hata kama ni ndugu yako. Piga 112, namba ya dharura, mmoja abaki akimtazama bila kuondoa macho, na mtupieni chochote kinachoelea. Mpigieni kelele aelee, asishindane na mkondo, na akipata nguvu aogelee sambamba na ufukwe hadi atoke ndani yake. Netiweki ikikosekana, mwenye mbio akimbilie mkahawani.

*Mtoto amechomwa na konyeza (kiumbe laini wa baharini mwenye nyuzi zinazowasha) aliyetupwa mchangani.* Osha kwa maji ya bahari, usisugue, ondoa nyuzi kwa kadi au kijiti. Akipata shida ya kupumua, piga 112.

*Mlima umefunikwa na mawingu.* Usigeuze gari. Pepo za kaskazini-mashariki huyarundika mawingu kwenye ule ukuta wa mlima, na kwa kuwa mlima uko kusini-mashariki ya ufukwe, jua la asubuhi nalo huchelewa kufika. Keti mahali palipo na kinga ya upepo, kula ulichobeba, usubiri mchana. Mara nyingi wingu huinuka kidogo kidogo hadi kilele kikabaki wazi, na mchanga wote ukageuka rangi kwa dakika chache. Lisipoinuka kabla ya saa uliyopanga kuondoka, ondoka.